Alois Alzheimer: Daktari aliyeziona taka ndani ya ubongo

MWANAMKE mwenye umri wa miaka 51 aliketi kitandani katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani, uso wake ukiwa umejaa wasiwasi. Ilikuwa Novemba 1901. Daktari alimwuliza jina lake, akajibu kuwa ni Auguste. Alipoulizwa jina la mumewe, alifikiri kidogo, kisha akajibu kuwa naye ni Auguste.

Adhuhuri alipewa nyama ya nguruwe na koliflawa, lakini alipoulizwa anakula nini alisema ni spinachi. Alipotakiwa kuandika jina lake aliandika neno la kwanza tu, akasahau yaliyosalia. Mara kwa mara alilalamika kwamba amejipoteza mwenyewe.

Daktari aliyekuwa akiyaandika majibu hayo kwa makini ni Alois Alzheimer. Leo jina lake linatajwa katika kila nchi, na aghalabu hutajwa kwa huzuni na familia inayomtazama mzazi wao akisahau majina ya watoto wake. Hata hivyo, wachache wanafahamu maisha ya mtu mwenyewe.

Alzheimer alizaliwa Juni 14, 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, jimbo la Bavaria, akiwa mtoto wa wakili wa serikali aliyeshughulikia hati. Alisomea udaktari katika miji ya Berlin, Tübingen na Würzburg. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mpenda mchezo wa upanga, na kovu la upanga alilolipata ujanani lilibaki usoni mwake maisha yake yote. Alihitimu mwaka 1887 kwa utafiti kuhusu tezi zinazotoa nta ya sikio.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika hospitali ya Frankfurt, ambayo wenyeji waliiita ngome ya vichaa. Chini ya mkuu wake, Emil Sioli, matumizi ya nguvu dhidi ya wagonjwa yalipunguzwa, na wengi wao wakatulizwa kwa kuogeshwa maji ya uvuguvugu kwa muda mrefu. Mchana Alzheimer aliwahudumia wagonjwa, na usiku aliinamia darubini pamoja na rafiki yake Franz Nissl, aliyekuwa amegundua namna ya kuzitia rangi chembe hai za ubongo zipate kuonekana vizuri.

Wawili hao walikuwa na imani moja: kwamba ugonjwa wa akili huacha alama katika mwili, na kwamba alama hiyo inaweza kuonekana.

Mwaka 1894 Alzheimer alimwoa Cecilie Geisenheimer, mjane tajiri, wakajaliwa watoto watatu. Furaha hiyo haikudumu. Cecilie alifariki dunia Februari 1901, na watoto wakalelewa na dada wa daktari huyo. Alzheimer alizama katika kazi, na miezi tisa baadaye ndipo Auguste Deter, mke wa karani wa reli, alipoletwa hospitalini.

Kilichomshangaza ni umri wake. Kusahau kulihesabiwa kuwa jambo la uzee, na mwanamke huyo hakuwa mzee. Hata baada ya kuhamia Heidelberg, kisha Munich mwaka 1903 kufanya kazi na Profesa Emil Kraepelin, Alzheimer hakuacha kuulizia habari zake.

Auguste alifariki dunia Aprili 8, 1906. Ubongo wake na faili lake vilipelekwa Munich.

Chini ya darubini Alzheimer aliona mambo mawili. Kwanza, kati ya robo na theluthi ya chembe za gamba la ubongo zilikuwa na nyuzi nene zilizosokotana kama uzi uliovurugika. Mahali pengine chembe ilikwisha kufa na kilichobaki ni fundo la nyuzi hizo tu. Pili, nje ya chembe kulikuwa na madoa mengi ya kitu kigeni kilichojirundika.

Novemba 3, 1906 alieleza matokeo hayo katika mkutano wa madaktari mjini Tübingen. Alipomaliza, hakuna aliyeuliza swali. Mkutano ukaendelea na hotuba nyingine.

Ukimya huo haukumvunja moyo. Maabara yake ya Munich ilivutia vijana kutoka nchi mbalimbali, naye alipita kwa kila mmoja, akaketi kando ya darubini yake na kueleza bila haraka. Husimuliwa kwamba jioni ilipofika, kila meza ilikuwa na kipande cha sigara kubwa ambacho mwalimu alikisahau. Mmoja wa wale waliofanya kazi hapo, Friedrich Lewy, alieleza mwaka 1912 mabonge aliyoyaona katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson. Mabonge hayo yanaitwa kwa jina lake hadi leo.

Ni Kraepelin aliyeupa ugonjwa ule jina la Alzheimer, katika kitabu chake cha mwaka 1910. Mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi. Katika makala ya mwaka 1911 aliandika kwamba haoni sababu ya kuyahesabu madoa yale kuwa chanzo cha ugonjwa. Huenda yalifuatana nao tu.

Mwaka 1912 aliteuliwa kuwa profesa Breslau, mji ambao sasa ni Wrocław nchini Poland. Aliugua akiwa njiani kwenda huko na hakupata tena afya kamili. Moyo na figo zake vilidhoofika, akafariki dunia Desemba 19, 1915. Alikuwa na umri wa miaka 51, umri uleule aliokuwa nao Auguste walipokutana. Alizikwa Frankfurt, kando ya mkewe.

Miongo saba ilipita kabla ya kujulikana kile alichokiona. Mwaka 1984 wanasayansi wa Marekani, George Glenner na Caine Wong, waliitambua protini ya amiloidi, ambayo ndiyo inayofanya madoa. Muda mfupi baadaye ikafahamika kuwa nyuzi zilizosokotana ni protini nyingine, iitwayo tau.

Ndipo swali likageuka. Kila chembe hai hutengeneza protini na kutupa zile zilizoharibika, kama mji unaozoa taka zake kila siku. Protini mbovu hubandikwa alama iitwayo ubikuitini, kisha hupelekwa katika kinu kidogo cha kuikatakata. Mizigo mikubwa zaidi humezwa na vifuko vyenye vimeng'enya, ambavyo Mbelgiji Christian de Duve alivigundua katika miaka ya 1950.

Chembe nyingine za mwili hugawanyika, na taka hugawanywa pamoja nazo. Chembe ya ubongo haigawanyiki. Huishi na taka zake hadi mwisho. Watafiti walipozichunguza nyuzi za tau katika miaka ya 1980, walizikuta zimebandikwa ubikuitini. Yaani alama ya kutupwa ilikwisha kuwekwa, lakini taka hazikuondoka.

Tuzo za Nobel za mwaka 2004 na 2016 zilitolewa kwa waliofumbua siri za usafi huo wa chembe. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa ya lecanemab, inayosaidia kuondoa amiloidi. Dawa hiyo hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi. Haiusimamishi, wala hairejeshi kilichopotea. Hivyo tahadhari ya Alzheimer ya mwaka 1911 bado ina uzito: kuondoa rundo la taka si sawa na kutengeneza mfumo ulioshindwa kuzizoa.

Faili la Auguste lilipotea kwa miongo mingi, likapatikana mwaka 1995 katika hifadhi ya nyaraka mjini Frankfurt. Ndani yake mlikuwa na maswali ya daktari, majibu ya mgonjwa, na karatasi ambayo mwanamke mmoja alijaribu kuandika jina lake akashindwa. Yeye alilisahau, lakini kwa kuwa yupo aliyekaa kando yake na kuandika, ulimwengu haukulisahau.