Scott Joplin: mtoto wa mpakani aliyeuza machi kwa senti

WAPO wanaodhani machi ni muziki wa askari na sikukuu za taifa tu. Mimi ni mwalimu, si mwanamuziki, lakini maisha ya Scott Joplin, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1917, yamenifundisha vingine. Wimbo wake wa The Entertainer wa mwaka 1902 bila shaka umekwisha kuusikia, hata kama jina lake ni geni kwako, maana umetiwa kwenye simu na midoli ya watoto. Mimi niliusikia kwenye simu ya ofisi moja pale City Centre, Lilongwe, enzi nasoma kambini Dzaleka. Nilikuwa nafuatilia vyeti, nikaambiwa nisubiri.

Joplin alizaliwa yapata mwaka 1868, kaskazini mashariki ya Texas. Baba yake, Giles, alikuwa mtumwa aliyepata uhuru. Mama yake, Florence, alisafisha nyumba za wazungu. Walihamia Texarkana, mji uliokatwa katikati na mpaka wa majimbo ya Texas na Arkansas. Ndugu zangu wa Tunduma na Nakonde mnaujua mji wa namna hiyo bila kuufikia. Mama alipokuwa akifuta vumbi, mtoto aliruhusiwa kugusa piano za wenye nyumba. Mhamiaji mmoja kutoka Ujerumani, Julius Weiss, akamfundisha bure.

Watu humwita mfalme wa ragitaimu, lakini mwaka 1896 alikuwa tayari ametoa machi, moja ikihusu treni mbili zilizogonganishwa kwa makusudi Texas mbele ya maelfu ya watazamaji. Zikafuata March Majestic na Cleopha mwaka 1902, Rosebud mwaka 1905 na Antoinette mwaka 1906. Na ukiisikiliza vizuri ragitaimu yenyewe, mkono wa kushoto unatembea kwa hatua za askari, moja-mbili, moja-mbili. Mkono wa kulia ndio unaochelewa kusudi na kuruka mapigo. Sisi tusione ajabu. Miaka hiyohiyo watu wa Lamu na Mombasa walichukua machi za wazungu wakazigeuza ngoma ya beni. Vita ya 1914 hadi 1918 ikaisambaza kwa miguu ya askari wa KAR na wapagazi, hata Malawi wakapata malipenga na mganda.

Sasa wafanyabiashara nisikilizeni. Siku hizo wimbo uliuzwa kwa karatasi ya nota, mtu akaupige mwenyewe nyumbani. Watunzi wengi, hasa weusi, waliuza kazi kwa malipo ya mara moja, wakasahauliwa. Agosti 1899, mjini Sedalia, Joplin alikwenda na mwanasheria, akasaini mkataba na mchapishaji John Stark juu ya Maple Leaf Rag: senti 1 kwa kila nakala itakayouzwa. Inasemekana mwaka wa kwanza ziliuzwa kama 400, yaani dola 4. Mwingine angejuta. Lakini karatasi hiyo iliuzwa miaka na miaka, na senti zile zikaendelea kuingia mpaka kufa kwake. Kwangu mimi, hapo alionyesha akili kuliko kwenye piano.

Fedha alizimalizia kwenye opera. Ya kwanza, A Guest of Honor, ilizungushwa mwaka 1903. Mapato yakaibwa njiani, na nota zake hazijapatikana hadi leo. Sisi tuliovuka mipaka na vyeti ndani ya mfuko wa nailoni tunaelewa hasara hiyo. Ya pili, Treemonisha, aliichapisha kwa gharama zake mwaka 1911. Inamhusu binti aliyesoma, katika kijiji karibu na Texarkana, akawatoa watu wake mikononi mwa waganga wa kitapeli, nao wakamchagua awaongoze. Mwaka 1915 aliionyesha Harlem bila mapambo wala okestra, yeye peke yake kwenye piano. Haikupokewa.

Kaswende ilikuwa imeshafika kwenye ubongo. Alifariki New York tarehe 1 Aprili 1917, siku 5 kabla Marekani haijaingia vitani. Treemonisha ilipata jukwaa kamili mwaka 1972 mjini Atlanta, kaburi lake likawekewa jiwe mwaka 1974, na Tuzo ya Pulitzer ikatolewa kwa jina lake mwaka 1976.