Profesa Bedford na Feza ya Baridi

Wasomaji wetu, leo tunawaletea maisha ya mtu aliyekufa tangu zamani, lakini mpaka leo hajazikwa. Jina lake ni James Bedford, Mmarekani. Watu wengi wanazungumza juu ya baridi inayolinda mwili wake. Sisi tunataka kuzungumza juu ya feza inayolipa ile baridi.

Bedford alizaliwa mwaka wa 1893. Alikuwa profesa wa saikolojia kule California, na aliandika vitabu vya kusaidia watu kuchagua kazi inayowafaa. Katika uzee wake akashikwa na kansa ya figo, nayo ikafika mpaka ndani ya mapafu. Waganga hawakuwa na dawa tena.

Wakati ule mwalimu mmoja wa Marekani, Robert Ettinger, alikuwa amekwisha kutoa kitabu, mwaka wa 1964, chenye wazo hili: mtu akikufa, mwili wake ugandishwe upesi na ulindwe ndani ya baridi kali, mpaka siku waganga watakapojua kumwamsha na kuponya ugonjwa wake. Bedford alikubali.

Alikufa tarehe 12 mwezi wa kwanza 1967, na miaka 73. Mara moja watu wa chama cha kazi hiyo wakamzungushia barafu, wakamtia dawa ya kulinda nyama ya mwili isiharibiwe na baridi. Baadaye akawekwa ndani ya azoti ya maji, digri 196 chini ya zero. Alikuwa mtu wa kwanza kulindwa namna hiyo.

Tanki yake ni sawa termosi kubwa. Haina moteri, lakini azoti inapunguka kila siku, na lazima kuongeza ingine. Hapo ndipo shida inaanza. Mgonjwa wa lupitalo analipiwa siku zenye kuhesabika. Huyu analipiwa bila mwisho.

Bedford aliacha katika testama yake dola 100 000 kwa ajili ya utafiti wa kazi hiyo. Wakati ule zilikuwa feza nyingi sana. Lakini ndugu wengine wakakataa, mambo yakafika tribinali. Bibi yake na mtoto wake wakatetea ile testama, na feza waliyotumia kwa kesi ikapita zile dola 100 000. Ndugu walipiga kelele, na utafiti ukabaki na njaa.

Maiti nayo ilisafiri. Ilipelekwa Arizona, kisha ikarudi California, kompani kwa kompani. Kwa miaka fulani, mpaka 1982, jamaa wenyewe walinunua azoti na kujaza tanki. Kisha wakaiweka mikononi mwa Alcor, ambayo inailinda mpaka leo. Mwaka wa 1991 walipofungua tanki, waliona vipande vya barafu vya 1967 vingali na umbo lake. Basi hakuyeyuka hata siku moja.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Kule Chatsworth, California, maiti tisa ziliyeyuka ndani ya shimo lao, maana feza ya kulipa azoti iliisha. Tangu hapo vyama vimejifunza: mtu analipa asiranse ya maisha angali mzima, na akikufa sehemu ya feza inawekwa kando, faida yake peke yake ndiyo inanunua azoti.

Sisi hatusemi kwamba Bedford ataamka. Mpaka leo hakuna hata mtu mmoja aliyegandishwa vile akaamka. Lakini mambo ya feza yake tunayajua hapa kwetu. Mfanyakazi wa mgodi anakufa, makuta yake ya mwisho yanatoka, na kabla kilio kuisha ndugu wako mulangoni wanauliza feza iko wapi. Karatasi ya Bedford ilikuwa nzuri, lakini karatasi peke yake haikujaza tanki. Aliyejaza ni bibi na mtoto, juu walijua mapenzi yake na walikubali kuyabeba.

Basi, baba wa jamaa, andika mapenzi yako. Lakini kwanza kaa chini na bibi na watoto, na uyaseme mbele ya ndugu zako ungali mzima.