Béla Barényi, muzee aliyefundisha gari kujikunja

Zamani watu waliamini gari muzuri ni ile ngumu kama jiwe, ile inagonga muti na muti njo unaanguka. Béla Barényi alionyesha kwamba imani hiyo inaua wenye kukaa ndani.

Alizaliwa tarehe 1 Machi 1907 huko Hirtenberg, karibu na Vienna, nchini Austria. Jamaa yake ilikuwa na makuta, hata gari ya Austro-Daimler ilikuwa kwao, kitu cha ajabu kwa wakati ule. Lakini baba yake akafa mwaka 1917 wakati wa vita, na utajiri ukaisha. Kijana akatoka masomoni kwa kukosa pesa, kisha akarudi, akasoma ufundi wa mashine Vienna. Akiwa bado mwanafunzi alichora gari ndogo ya watu wa kawaida, injini ikiwa nyuma. Kisha dunia ikaona Volkswagen. Ni katika miaka ya 1950 tu mahakama ya Ujerumani ilikubali kwamba mawazo yake yalikuwa ndani ya gari ile.

Kazi nayo haikumupata mbio. Daimler-Benz walimukataa mara ya kwanza. Mwaka 1939 mukubwa mumoja, Wilhelm Haspel, alimusikiliza vizuri na akamuchukua.

Huko ndipo wazo lake kubwa lilikomaa. Gari ikisimama gafla, mwili wa mutu unaendelea mbele na mwendo ule ule. Chuma ya mbele ikikunjika, inakula sehemu ya nguvu za mugongano, na mutu anapata kanafasi kadogo ka kusimama. Kwa hiyo Barényi aligawa gari sehemu tatu: chumba cha katikati kiwe kigumu, mbele na nyuma vikubali kukunjika. Aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1951, akaipata 1952. Mwaka 1959 Mercedes W111 ikatoka ikiwa ya kwanza kuuzwa na mupango huo, na mwaka ule ule kiwanda kikaanza kugongesha magari kwa makusudi kule Sindelfingen, kuangalia yanavunjika namna gani.

Leo karibu kila gari ndogo inayopita kwenye barabara za Goma, Bukavu ao Bunia imebeba wazo hilo. Na hapa fundi wa garaje anaingia katika historia yake, apende asipende. Lonjero, zile chuma mbili ndefu za mbele, zimepimwa zikunjike mahali fulani na kwa nguvu fulani. Gari ikigonga, ikapelekwa kwa soudure, fundi mwenye roho nzuri anaongeza kibati kinene juu ya lonjero ili ikuwe nguvu zaidi. Kwa macho iko kazi safi, na mwenye gari analipa akifurahi. Mugongano mwingine ukikuja, lonjero inakataa kukunjika, na nguvu yote inaingia ndani, kwa miguu na kifua cha dereva.

Kuna na kosa la upande mwingine. Magari ya siku hizi yana chuma ya nguvu sana iliyopikwa kiwandani, zaidi kwenye nguzo za milango. Moto wa shalimo ukiipiga muda murefu, inalegea bila kubadilika sura. Chumba kile Barényi alitaka kiwe kigumu kinakuwa laini, na hata rangi mupya inaficha.

Ndiyo maana kila mutengenezaji anaandika kitabu cha matengenezo: mahali pa kukata, kipande gani kibadilishwe kizima, soudure ya namna gani, pointi ngapi. Pointi zikipunguzwa, bati linaachana. Chuma ikikatwa pengine, inakunjika pengine. Fundi makini anajaribu kwanza kuchomelea vipande viwili vya bati ya unene ule ule, kisha anavitenganisha kwa nguvu aone kama soudure imeshika. Jaribio hilo linachukua dakika chache tu.

Barényi aliacha kazi katika miaka ya 1970, akiwa na hati za uvumbuzi zaidi ya 2.500. Mwaka 1994 jina lake liliingizwa kati ya wakubwa wa historia ya magari kule Marekani. Alikufa tarehe 30 Mei 1997 kule Böblingen, karibu na kiwanda cha Sindelfingen, akiwa na miaka 90.