Carl von Linde: Alitimuliwa chuoni, akaja kugeuza hewa kuwa kimiminika

MWAKA wa 1864, kijana wa miaka 22 hivi alifunga virago na kuondoka katika chuo cha ufundi cha Zurich, Uswisi, bila cheti. Kosa lake? Alishiriki maandamano ya wanafunzi.

Miaka 31 baadaye, jamaa huyo huyo alikuwa Munich, Ujerumani, akitazama kimiminika chenye rangi ya samawati kikitoka kwenye mashine yake. Kilikuwa hewa. Naam, hewa hii hii unayoivuta sasa.

Huyo ndiye Carl von Linde. Friji ya kwenu, oksijeni ya hospitalini na meli zinazobeba gesi asilia baharini, zote zina mkono wake ndani.

Alizaliwa Juni 11, 1842, katika kijiji cha Berndorf, Bavaria. Babake alikuwa mchungaji wa Kilutheri na alitarajia mwanawe afuate nyayo hizo. Lakini kijana alipenda mashine, na mwaka wa 1861 akajiunga na chuo cha Zurich.

Huko alifunzwa na vigogo. Mmoja wao, Rudolf Clausius, ni kati ya waliojenga sayansi ya joto na nguvu. Mwingine, Franz Reuleaux, alikuwa bingwa wa mitambo.

Linde alipofukuzwa, Reuleaux hakumtupa. Alimtafutia nafasi ya kujifunza kazi katika kiwanda cha pamba karibu na Kempten, mji walikoishi wazazi wake. Kutoka hapo akaenda Berlin kwa Borsig, kisha Munich kwa Krauss, viwanda vilivyounda vichwa vya treni.

Kwa hivyo tusidanganyane kwamba masomo hayakumfaa. Cheti alikikosa, lakini maarifa alikuwa nayo, na mwalimu aliyemwamini pia.

Mwaka wa 1868 chuo kipya cha ufundi kilifunguliwa Munich. Linde aliomba kazi, akawa mhadhiri akiwa na miaka 26 tu. Kufikia 1872 alikuwa profesa kamili. Aliyetimuliwa chuoni sasa alikuwa akisahihisha mitihani ya wengine! Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Rudolf Diesel, yule wa injini ya dizeli.

Wakati huo watengenezaji wa bia wa Bavaria walikuwa na shida moja kubwa: baridi. Bia yao ilihitaji kuchachuka mahali penye ubaridi, na barafu ilichotwa kutoka maziwa wakati wa kipupwe. Kipupwe kikiwa cha joto, barafu inakosekana na biashara inayumba.

Linde aliketi akapiga hesabu. Aliuliza swali ambalo wengi hawakuwa wameliuliza: mashine za baridi zilizopo zinapoteza nguvu kiasi gani, na wapi? Makala zake za 1870 na 1871 ziliwavutia wenye viwanda vya bia, na Spaten ya Munich ikakubali mashine yake ijaribiwe kwao.

Mashine ya kwanza ilisumbua, kwani kuizuia kuvuja halikuwa jambo rahisi. Ya pili, iliyotumia amonia, ilifanya kazi vizuri. Oda zikaanza kumiminika.

Mwaka wa 1879 alifanya uamuzi ambao wengi wangeuona wazimu. Aliacha uprofesa, kazi ya heshima na mshahara wa uhakika, akaanzisha kampuni ya mashine za barafu mjini Wiesbaden. Kufikia 1890 ilikuwa imeuza mashine 747.

Angeweza kupumzika hapo. Lakini alirudi Munich kufanya utafiti, na mwaka wa 1892 kiwanda cha bia cha Guinness cha Dublin kikaagiza mtambo wa kugeuza kabonidayoksaidi kuwa kimiminika. Linde akaanza kujiuliza: vipi kuhusu hewa yenyewe?

Hewa si mchezo. Lazima ipoe hadi karibu nyuzi 190 chini ya sifuri ndipo igeuke kimiminika. Wengine walikuwa wameshafaulu, lakini kwa kiasi kidogo cha maabara.

Katika miaka ya 1850, James Joule na William Thomson walikuwa wamegundua kwamba hewa iliyobanwa hupoa ikipenyezwa kwenye tundu jembamba kwenda penye presha ndogo. Tatizo ni kwamba hupoa kidogo sana. Ukishusha presha kwa kiasi sawa na presha ya kawaida ya hewa inayotuzunguka, joto linapungua kwa karibu robo nyuzi tu.

Ujanja wa Linde ulikuwa kutoitupa robo hiyo. Hewa iliyopoa aliirudisha kupitia bomba lililozunguka bomba la hewa inayoingia. Hewa inayoingia ikapozwa kabla ya kufika kwenye tundu, hivyo ikitoka inakuwa baridi zaidi. Nayo inarudishwa kupoza inayofuata.

Ni kama mama mboga asiyekula faida. Kila jioni anairudisha kwenye biashara, na kesho anaanza na mtaji mkubwa kuliko wa leo.

Mei 1895 mtambo huo ulitoa hewa ya kimiminika, lita 3 hivi kwa saa. Uingereza, William Hampson alikuwa amefikia wazo lilo hilo na kuomba hataza siku chache kabla ya Linde. Lakini Linde ndiye aliyelifanya kuwa kiwanda. Mwaka wa 1897 alipewa cheo cha heshima, na ndipo jina lake likapata ile "von".

Hakuishia hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifaulu kuitenganisha hewa na kupata oksijeni, inayotumika leo katika kuchomelea vyuma na kuokoa wagonjwa. Hata hapa Kenya yupo kwa mbali: BOC ya Uingereza, kampuni mama ya BOC Kenya inayouza oksijeni, ilinunuliwa na Linde mwaka wa 2006.

Carl von Linde alifariki Munich mnamo Novemba 16, 1934, akiwa na miaka 92. Hesabu yake ingali inapigwa, sanasana kwenye gesi asilia.

Gesi hiyo ikipozwa hadi nyuzi 162 hivi chini ya sifuri, inakuwa kimiminika na ujazo wake unapungua karibu mara 600. Ndipo inaweza kupakiwa melini. Ndani ya viwanda hivyo kuna mabomba marefu yaliyosokotwa, ya baridi yakipoza ya joto, kwa kanuni ile ile ya 1895.

Kilichobadilika ni anayesimamia. Kompresa za viwanda hivi hula nguvu nyingi, na jua likiwaka mchana, injini zinazoziendesha hupungukiwa. Usiku kukipoa, nguvu inarudi. Binadamu pekee hawezi kufuatilia kila badiliko, kwa hivyo zamani aliacha nafasi kubwa ya usalama na kuzalisha chini ya uwezo.

Siku hizi vihisi hupima joto, presha na mtiririko bila kupumzika. Kompyuta inabashiri kitakachotokea dakika zijazo, kisha inafungua au kufunga vali kidogo kidogo ili mtambo ukae karibu na kikomo bila kukivuka. Mitambo ni ile ile, lakini gesi inayotoka ni nyingi zaidi.

Kazi hiyo haiko mbali nasi. Msumbiji ilianza kuuza nje gesi ya aina hii mwaka wa 2022 kutoka mtambo wa Coral Sul unaoelea baharini. Tanzania nayo imepanga kiwanda huko Lindi (Linde na Lindi ni majina yaliyofanana tu, hakuna undugu).

Mitambo hiyo itahitaji watu wa kuketi katika vyumba vya udhibiti, wanaojua kompyuta na pia kilichomo ndani ya mabomba. Kama fizikia ya joto ilikuchosha shuleni, pengine ni wakati wa kulifungua tena daftari lile.