Mpiga Kinanda Aliyegundua Miale Isiyoonekana

Katika vibanda vya mafundi wa vyombo vya umeme mjini Kisumu hakukosi mashine ya CD iliyokufa. Kijana mdadisi akiipata, huifungua akiitafuta leza iliyomo. Leza hiyo hutoa miale ya infraredi, yaani miale iliyo chini ya wekundu, ambayo jicho haliioni au huiona kwa shida. Hapo ndipo ulipo mvuto wake, nami siwalaumu vijana: nguvu itendayo kazi pasipo kuonekana imewasumbua wanadamu tangu zamani. Ni wachache, hata hivyo, wajuao kwamba miale hiyo iligunduliwa na mtu aliyeiingia sayansi kwa kupenda tu.

William Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, tarehe 15 Novemba 1738. Baba yake alikuwa mpiga oboi, jamaa ya zumari yetu, katika bendi ya jeshi, na kijana akafuata nyayo hizo. Mwaka 1757, vita vikiwa vimepamba moto, alikimbilia Uingereza akiwa hana mali. Mwaka 1766 alikuwa amepata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa mjini Bath. Mchana alifundisha muziki. Usiku alitazama nyota. Darubini nzuri hakuweza kuinunua, basi akaamua kuisubu na kuing'arisha mwenyewe. Dada yake Caroline, ambaye naye baadaye alipata sifa kwa kugundua vimondo vyenye mikia, alikuwa akimlisha kwa mkono huku yeye akisugua kioo cha shaba na bati kwa saa nyingi bila kupumzika. Kalibu alizifinyanga kwa kinyesi cha farasi. Mwaka 1781 kalibu moja ilivuja, na madini ya moto yakapasua mawe ya sakafu.

Mwaka huohuo, tarehe 13 Machi, aliiona sayari ya Uranus kutoka bustanini mwake. Mfalme George wa Tatu akamtengea pauni 200 kwa mwaka, na muziki ukaachwa.

Lugha yetu ina neno ridhaa, ambalo kurasa za michezo huwapa wachezaji wasiolipwa. Sioni kwa nini sayansi inyimwe neno hilo, maana Herschel alikuwa mwanasayansi wa ridhaa hadi umri wa miaka 43.

Mwaka 1800, akilitazama jua kupitia vioo vya rangi, alitambua kwamba baadhi ya vioo vilipitisha mwanga mdogo lakini joto jingi. Wengine wangeridhika na kubadilisha kioo. Yeye aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka vipimajoto vyenye tumbo lililopakwa weusi katika kila rangi, na vingine kando kwa kulinganisha. Joto liliongezeka kutoka zambarau hadi nyekundu. Kisha akakisogeza kipimajoto nje ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote, na joto likazidi. Jina infraredi halikutoka kwake. Yeye aliita miale ya joto. Alifariki Slough tarehe 25 Agosti 1822.

Leza ilikuja mwaka 1960, na leza ya kwanza ya gesi, iliyotengenezwa na Ali Javan na wenzake nchini Marekani mwaka huo, ilikuwa ya infraredi. Tofauti yake na jua la Herschel ni kwamba leza huikusanya miale yake mahali pamoja. Jicho likipigwa na mwanga mkali hupepesa. Likipigwa na miale lisiyoiona halina habari, na lenzi huielekeza miale hiyohiyo kwenye retina. Kidonda cha hapo hakiumi, wala retina iliyoungua hairudi.

Nionavyo, mwalimu anayekataza tu leza, bila kuwapa wanafunzi kitu badala yake, anawasukuma wakajaribie mafichoni. Prizimu moja na vipimajoto vitatu vinatosha. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na mwanga hauna ada. Jua la saa tatu asubuhi likipenya dirishani, wanafunzi na wapake weusi matumbo ya vipimajoto, wasubiri, kisha waandike tarakimu kabla ya mwalimu kuwaambia wanachotarajiwa kukiona.