Askofu Hannington na Mwanawe

Leo napenda kuwaeleza habari za Askofu James Hannington, mtu aliyepita katika nchi yetu hii ya Singida zamani za misafara, na ambaye kifo chake hakikuzaa kisasi.

Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba, 1847, huko Hurstpierpoint, Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka 15 aliacha shule akaingia katika biashara ya baba yake. Baadaye alirudia masomo, akasoma Oxford, na mwaka 1874 akapewa ushemasi.

Mwezi wa Desemba, 1877, wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe. Hannington aliposikia habari hizo alitamani kwenda kushika mahali pao. Basi mwaka 1882 akafika Unguja, akaongoza msafara wa kwenda Ziwa Viktoria kwa njia ya Mpwapwa na Ugogo. Walivuka Mgunda Mkali, lile pori la miiba na kiu ambalo leo limo katika upande wa Manyoni na Itigi. Safarini alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akawa anachukuliwa kwa machela, na mwaka 1883 ikambidi arudi kwao.

Mwingine angalikoma hapo. Yeye alipopona alirudi, tena akiwa Askofu, cheo alichopewa mwaka 1884. Mwezi wa Julai, 1885, aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na watu kiasi cha 200, akafuata njia mpya ipitayo nchi ya Wamasai. Kumbe njia ile ilikuwa na hatari. Mwaka ule ule Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi upande wa pwani, na huko Buganda watu waliamini kwamba adui wa ufalme wao atatokea mashariki, kwa njia ya Busoga. Kabaka Mwanga akaingiwa na hofu, akatoa amri. Hannington, aliyekuwa ametangulia na watu 50, akakamatwa kwa mtemi Luba wa Busoga. Alifungwa siku nane, na tarehe 29 Oktoba, 1885, akauawa pamoja na wapagazi wake. Waliookoka walikuwa wachache mno. Yeye alikuwa na umri wa miaka 38, naye aliacha mke na watoto.

Miaka ikapita. Mmoja wa watoto wale, Joseph Hannington, akawa kasisi, akaenda Uganda. Huko alimbatiza mtoto wa Luba. Mkono wa mtoto wa aliyeuawa uligusa kichwa cha mtoto wa yule aliyemwua baba yake.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu nalijua uzito wake. Kaka yangu mkubwa aliuawa katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Aliyemwua alifungwa, lakini mkewe alibaki pale pale kijijini. Kwa muda wa miaka minne mama yangu alizunguka njia ndefu ya kisimani ili asipite mbele ya nyumba ile. Watu walimwambia asamehe, naye hakuwajibu. Kisha, likizo iliyopita, mtoto wa nyumba ile aliugua, na chakula hakikuwamo. Mama alipika uji wa uwele, akautia katika kibuyu, akanituma niupeleke. Siku ya pili aliupeleka mwenyewe. Hata sasa jina la yule mtu halitaji, lakini kisimani anapita njia fupi.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kusamehe si neno la siku moja, wala si kusahau. Aliyefiwa hapaswi kuharakishwa. Wale wapagazi wa Hannington nao walikuwa na mama zao, waliongoja pwani watoto wasiorudi, na hakuna aliyeandika jinsi walivyolia. Huenda wapo waliokufa bila kusamehe, na sisi hatuwezi kuwalaumu. Lakini deni la damu likianza kulipwa kwa damu, halina mwisho, na watoto ndio wanaolirithi. Joseph Hannington alikataa urithi huo. Nasi tulio vijana tunaweza kuukataa.