KRAPF: Mzee aliyekusanya maneno yetu, akafa kabla ya kukiona kitabu

Haya wadau wa Maramba na Tanga nzima, leo tumkumbuke Johann Ludwig Krapf. Shuleni wengi tulimsoma kama Mzungu aliyeuona Mlima Kenya 1849, basi. Kumbe kazi yake kubwa ilikuwa maneno.

Alizaliwa Ujerumani 1810. Alianza umisionari Ethiopia, mambo yakaenda kombo, na Januari 1844 akatua Zanzibar, kisha Mombasa. Julai hiyohiyo homa ikamuua mkewe Rosine na kichanga chao. Mwingine angefunga virago. Yeye alibaki, akaendelea kuwauliza watu: hiki mnakiitaje?

Mwaka 1846 alihamia Rabai na mwenzake Rebmann, wakaishi na Wamijikenda, ndugu wa Wadigo wa huku kwetu. Mwaka 1848 alikata nyika hadi Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, na 1852 akaenda tena. Mwaka uliofuata afya ikamrudisha kwao, lakini daftari la maneno hakuliacha. Alifariki Novemba 1881. Kamusi yake ilitoka London 1882. Hakuishika mkononi!

Sasa utamu wenyewe. Krapf alijua Kiarabu, kwa hiyo neno lenye asili ya huko aliliwekea mzizi wake kwa herufi za Kiarabu. Unaona mara moja limetoka wapi.

Halafu kamusi ya zamani ni kama saa, inakuonyesha neno liliingia lini. Chukua hela. Inatokana na heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza kutumika huku 1904. Kwa Krapf usiitafute, maana kitabu kilitoka miaka 22 kabla ya sarafu yenyewe. Leo hela ni pesa yoyote, na heller yenyewe haipo tena.

Jingine, Krapf alijifunzia Mombasa, kwa hiyo kamusi yake imejaa Kimvita. Huko macho ni mato, kucheka ni kuteka. Baadaye wakoloni wa Kiingereza walichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Mtu anayefungua kamusi za sanifu peke yake atadhani bibi wa Mombasa anakosea. Wala hakosei, ni kwamba lahaja yake haikuchaguliwa.

Ila tusidanganyane, wadau. Jaladani lipo jina la Krapf peke yake, wakati maneno aliyapata kwa masheikh, mabaharia, wakulima na akina mama wa pwani. Yeye aliandika, wenye maneno ni wao.

Na ukweli ni kwamba neno lisiloandikwa huondoka na mzee wake. Kidigo na Kisambaa vina maneno kibao ambayo hayamo kwenye kamusi yoyote. Daftari na kalamu vinatosha: andika neno, maana yake, nani kakwambia na mwaka gani.

Haya, mdau, bibi yako ana neno gani ambalo wewe hulitumii tena? Litaje hapa.